Manyunyu na mkono wangu mzito

Kati ya kidole cha pete na kidole cha mwisho cha mkono wangu wa kushoto kuna sugu. Hapo ndipo hatamu hupita. Sugu hiyo niliipata kwa mwaka mmoja tu, mwaka niliovutana na farasi aitwaye Manyunyu. Miaka mitatu iliyofuata nilimpanda karibu kila siku, na badala ya kukua imeanza kulainika. Nataka kueleza kilichotokea hapo katikati, kwa sababu kila baada ya muda kuna kijana anayenijia bandani kuniuliza afanyeje ili farasi wake ainamishe kichwa, na kila mara najiona mimi mwenyewe wa wakati ule.

Mimi ni mtoto wa saisi. Baba alitunza farasi za watu upande wa Lang'ata, Nairobi, na nilishika brashi na sepetu kabla sijamaliza shule ya msingi. Kupanda nilijifunzia njia ya malishoni, bila tandiko, nimeshika nywele za shingo. Mama mwenye banda aliniona siku moja, akaniambia kama nataka kujifunza sawasawa atanitafutia mwalimu wa dresaji, na farasi ataniazima. Akaniazima Manyunyu: farasi aliyehasiwa, wa miaka saba, kijivu chenye vidoa vyeupe kama mvua ya rasharasha.

Dresaji, kwa asiyeijua, ni kumfunza farasi mwili wake. Mnaingia kwenye uwanja wa mchanga wa mita 20 kwa 40, au 20 kwa 60 kwa waliopanda daraja, wenye herufi pembeni: A mlangoni, C kwa jaji, na nyingine zimezunguka. Kila zoezi hufanywa mahali pake: hatua (mwendo wa kutembea) hapa, troti (mwendo wa mchakamchaka) pale, kenta (mbio za polepole) kuanzia herufi ile, mduara, kusimama. Jaji hutoa alama kuanzia 0 hadi 10 kwa kila zoezi. Ukitazama kwa mbali unaona mpandaji hafanyi kitu. Huo ndio ufundi wenyewe, na ndio ulionidanganya nikadhani ni rahisi.

Manyunyu alitoka kwenye mbio za Ngong, kama farasi wengi wa kupanda hapa kwetu. Watu husema farasi wa mbio hajafunzwa. Si kweli, amefunzwa lugha nyingine. Joki hukaa juu ya vikuku vifupi, zile pete za kukanyagia, uzito wake mbele, na akikaza hatamu farasi huegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni, na kuzidisha mwendo. Kwa hiyo mimi nilivuta nikimaanisha pole, Manyunyu akasikia twende. Nikavuta zaidi, akaenda zaidi. Tulizunguka uwanja miezi saba hivyo, mimi natoka na viganja vilivyochubuka, yeye anatoka na povu shingoni na macho yenye wasiwasi.

Halafu nikagundua kwamba nikimbana vya kutosha, mkono wa kushoto, kulia, kushoto, shingo inakunjika na pua inaingia ndani. Kwenye picha alipendeza ajabu! Nilimtumia kila mtu. Mzee mmoja wa Machakos, saisi aliyewaogesha farasi tangu kabla mimi sijazaliwa, aliitazama ile picha kwenye simu yangu kwa muda mrefu, kisha akaninyooshea kidole mgongo wa farasi badala ya shingo. Ulikuwa umebonyea kama kitanda cha kamba kilicholegea. Miguu ya nyuma ilibaki nyuma kabisa, inaburura vidole mchangani.

"Kijana," akaniambia, "huyu ana kilo karibu mia tano. Wewe una sitini. Hii kazi ya kuvutana utaishinda lini?"

Nilikasirika. Nilikwenda mashindano yangu ya kwanza bado nimekasirika, na koti la kuazima, na hofu nyingine ambayo sikumwambia mtu: kwamba mahali pa saisi ni nje ya uwanja, na ndoo. Mwalimu wangu aliiona bila kuambiwa. Tukiwa tunasubiri zamu alinisimulia kwamba hadi Olimpiki ya 1948 wanajeshi walioruhusiwa kushindana dresaji walikuwa maofisa peke yao. Mwaka huo, London, Uswidi ilishinda dhahabu ya timu, kisha ikanyang'anywa mwaka uliofuata kwa kuwa mmoja wao, Gehnäll Persson, hakuwa ofisa wa kweli: alikuwa sajini aliyevishwa cheo kwa ajili ya mashindano. Sheria ikaja kubadilishwa, na mwaka 1952 na tena 1956 Persson yuleyule akachukua dhahabu ya timu akiwa amevaa cheo chake halali. Niliingia uwanjani nikiwa nimenyoosha mgongo. Alama nilizopata ni mambo mengine. Tulipata asilimia 49, na karibu na zoezi la troti jaji aliandika kwa penseli: mkono mzito, farasi hana raha.

Nililisoma neno lile *raha* mara nyingi usiku ule. Nilitegemea kuambiwa farasi ni mkaidi.

Kuanzia hapo mwalimu alikataa nisiguse hatamu mpaka tumkague farasi mwilini. Hili nalisema kwanza kwa kila anayeniuliza: kabla hujamlaumu farasi kwa tabia, tafuta maumivu. Mzee wa Machakos alisubiri nitoke kazini siku yenye joto, akafungua mkanda wa tumbo na kuliinua tandiko moja kwa moja juu bila kulivuta. Mgongo wote ulikuwa umelowa jasho, isipokuwa sehemu mbili, kila upande mmoja, pale nyuma kidogo ya mabega. Pakavu kabisa, ukubwa wa kiganja. Akapapasa nywele za hapo na kunionyesha chache zilizoanza kugeuka nyeupe, wala si zile za vidoa vyake vya kawaida. Tandiko lilikuwa jembamba mno kwa mabega yale, limembana mpaka ngozi ikashindwa kutoa jasho. Mtu akikufinya mahali pamoja dakika 40 kila siku, nawe utainua kichwa na kukimbia.

Daktari wa meno ya farasi naye alikuta vijino viwili vidogo vya juu, vile vinavyoota mbele ya magego, mahali hasa lijamu linapokaa. Akaving'oa. Ukanda wa pua nilikuwa naukaza mpaka tundu la mwisho ili asifungue mdomo. Mwalimu alitaka vidole viwili viingie kati ya ukanda na mfupa wa pua, vidole vya mtu mzima, vimelala bapa. Farasi anayefungua mdomo anakueleza kitu. Nilikuwa nimemfunga mdomo nisimsikie.

Nafaka tulipunguza pia, maana alikuwa bado anakula chakula cha mkimbiaji huku anafanya kazi ya nusu saa, tukaongeza hei, yaani majani makavu, na mchana wote akawa nje na wenzake. Utundu ambao nilidhani ni wa tabia ulipungua kwa karibu nusu bila mimi kumfunza chochote.

Kisha ikaja zamu ya mwili wangu. Wiki sita nilipanda nikiwa nimezungushwa kwa kamba ndefu, mwalimu katikati, mimi juu bila hatamu wala vikuku, mikono nimeipanua kama anayetembea juu ya ukuta. Siku ya kwanza nilidumu dakika tano. Niligundua jambo la aibu kidogo, lakini ni la kweli kwa wapandaji wengi: sikuwa navuta kwa sababu ya farasi. Nilikuwa nashikilia hatamu nisianguke. Mwili usiotulia hutafuta pa kujishikiza, na pa karibu zaidi ni mdomo wa mnyama. Hakuna maneno ya "legeza mkono" yatakayomsaidia mtu ambaye kiuno chake bado kinarushwarushwa. Kiti kwanza. Mkono utafuata wenyewe.

Siku nilizolalamika kwamba sina nguvu za miguu, mwalimu alinitajia Lis Hartel wa Denmark. Polio ilimwacha amepooza kuanzia magotini kwenda chini, ikabidi asaidiwe kupanda na kushuka. Mwaka 1952 huko Helsinki, mara ya kwanza wanawake kuruhusiwa kwenye dresaji ya Olimpiki, alichukua medali ya fedha mbele ya wanaume wenye miguu mizima. Alimwelekeza farasi kwa uzito na mgongo. Baada ya hapo sikusema tena habari za miguu yangu.

Nilipokabidhiwa hatamu tena, nilifundishwa upya namna ya kuzishika. Kuna kitu walimu hukiita kusimama nusu, na vitabu hukizungumza kwa maneno mengi sana. Mimi nakieleza hivi. Ukiwa sokoni unataka kujua embe limeiva, hulikandamizi. Unalibonyeza kidogo na papo hapo unaliachia, na ni pale unapoachia ndipo unapopata habari. Ndivyo ilivyo. Unavuta pumzi, mgongo unarefuka, mapaja yanakaza kidogo, vidole vinafumba kwenye hatamu kwa pigo moja la troti, kisha vinafumbuka. Farasi anapunguza haraka na kuketi zaidi kwenye miguu ya nyuma. Akikujibu hata kwa kiasi kidogo cha kuonekana, fumbua vidole. Asipojibu, fumbua vilevile, kisha rudia. Kosa ni kufumba na kungoja. Ukingoja, anakuegemea, na farasi aliyetoka mbio atakuegemea mpaka jioni.

Nasisitiza kuachia kwa sababu ndiko kunakofunza. Farasi hajui unachotaka. Anajua tu ni wakati gani adha iliondoka, na alikuwa anafanya nini wakati huo. Ukichelewa sekunde mbili umemsifu kwa kitu kingine. Mgiriki Xenophon aliandika haya zaidi ya miaka 2,300 iliyopita: kwamba afanyacho farasi kwa kulazimishwa hukifanya bila kukielewa, na hakina uzuri kama ambavyo mchezaji ngoma hawezi kupendeza akichezeshwa kwa fimbo. Nilipousikia mfano huo nilikumbuka ile picha yangu ya kwenye simu. Nimeifuta.

Niseme kidogo kuhusu mduara, maana ndio kazi ya kila siku na ndio wengi huuharibu. Kwenye uwanja wa mita 20 kwa 40, mduara wa mita 20 unaoanzia A hugusa sehemu nne tu: A yenyewe, ukuta wa upande mmoja, X katikati ya uwanja, na ukuta wa upande wa pili. Kwenye ukuta unagusa mita 10 kutoka kwenye kona. Herufi K na F ziko mita 6 kutoka kona zao, kwa hiyo unagusa mita 4 kupita herufi, si kwenye herufi. Mimi nilikuwa naingia konani, nafuata ukuta mpaka nikumbuke kugeuka, natoka na yai. Mwalimu alinipa mfuko wa chokaa na kamba ya mita 10. Nilisimama katikati, nikampa mzee ncha ya pili, akatembea akimwaga chokaa mpaka duara likafunga. Lilikuwa la mviringo kuliko kitu chochote nilichowahi kupanda. Niliposhika mstari ule kwa troti ndipo nilipojua Manyunyu hukwepa wapi: kila tulipoelekea X, bega lake la kushoto lilimwagika nje, kama gari linaloteleza kwenye tope. Kwenye yai hulioni. Kwenye duara la kweli halina pa kujificha.

Farasi ana upande wake kama sisi tulivyo na mkono wa kulia au wa shoto. Upande ambao shingo hukunjika kirahisi si lazima uwe upande mzuri; mara nyingi ni upande anaokwepa kubebea uzito. Tulilifanyia kazi bega lile mwaka na nusu, kwanza kwa miduara, baadaye kwa zoezi la bega ndani, ambapo mabega huletwa kidogo ndani ya njia huku miguu ya nyuma ikiendelea kwenye ukuta. Mfaransa de la Guérinière ndiye aliyelikamilisha katika karne ya 18, na mpaka leo sijaona dawa bora kuliko hiyo kwa farasi aliyepinda. Lakini hatua chache tu, kisha nyooka, msifu, pumzika. Mimi nilikuwa naomba ukuta mzima. Ukiomba ukuta mzima unapata hatua tatu nzuri na ishirini za kuvumilia, na farasi anaondoka na kumbukumbu ya zile ishirini.

Kazi yetu uwanjani haikuzidi dakika 40, na kumi za kwanza na tano za mwisho zilikuwa hatua tupu, hatamu ndefu. Katikati nilibadilisha mwendo mara nyingi mno: hatua, troti, simama, troti, kenta mapigo machache, troti. Mabadiliko hujenga mgongo na masikio, naye hapati muda wa kujiundia mbio. Siku mbili kwa wiki hatukuingia uwanjani kabisa. Tulikwenda msituni, kupanda na kushuka vilima, na nina hakika vilima vile vilimjengea miguu ya nyuma kuliko mazoezi yangu yote.

Mvua za masika ndizo zilizotuvuruga. Wanaofuga farasi hapa wanajua: baada ya mvua huja visubi, na visubi huleta ugonjwa wa farasi wa Afrika. Chanjo hutolewa, lakini haimalizi hofu. Msimu wa pili tulimpoteza jike mmoja wa banda la jirani na Manyunyu. Asubuhi alikula. Jioni alisimama amepanua miguu ya mbele, shingo ameinyoosha, anatafuta hewa, na povu jeupe likatoka puani kama la sabuni. Hakufika usiku wa manane. Baba yangu alikuwa amenifunza kupima joto la farasi kila asubuhi, na nilikuwa nimeacha kwa uvivu. Tangu siku ile sijaacha: nyuzi 37.5 hadi 38.5 ni salama, ikipanda juu ya hapo hapandwi, anaitwa daktari. Jua likikaribia kuzama wote wanaingia ndani, madirisha yamewekwa wavu. Mtu anayetaka kupanda saa kumi na mbili jioni wakati wa masika kwa sababu ametoka ofisini, atanisamehe, mimi simtolei farasi.

Wiki zile za kumpumzisha baada ya chanjo zilinikera, nikihofia atasahau. Hakusahau. Alirudi amelainika zaidi, na mimi pia. Sasa napumzisha kwa makusudi.

Mashindano ambayo nayakumbuka zaidi yalikuwa ya mwaka wa nne, kiwango kilekile cha chini cha mwaka wa kwanza, uwanja uleule. Tuliingia A kwa troti, tukasimama X. Alisimama na mguu mmoja wa nyuma umebaki. Nilimwacha hivyo, sikumchokoza. Mduara wa kwanza ulikuwa duara. Kenta ya kushoto ilichelewa hatua mbili baada ya herufi, kosa langu, niliomba nikiwa nimeshika pumzi.

Kisha ikaja hatua huru, kukata uwanja kutoka kona hadi kona hatamu zikiwa ndefu. Zoezi hili watu hulidharau, ilhali alama yake mara nyingi huzidishwa mara mbili, na ndilo linalofichua yote: farasi aliyebanwa hawezi kujinyoosha kwa sababu tu leo umemruhusu. Nilifumbua vidole. Hatamu zilipita polepole juu ya ile sugu, inchi kwa inchi, yeye ndiye aliyezichukua. Shingo ikashuka, pua ikakaribia mchanga, masikio yakalegea pembeni, na nikausikia mgongo wake ukipanda chini yangu na kuyumba, kushoto, kulia. Akapiga chafya ndefu ya kutoa hewa. Hatamu yote ilikuwa mikononi mwake, kwa kweli, na hakwenda popote.

Hapo tulipewa 7. Jumla ilikuwa asilimia 64 na kitu.

Nilipotoka mlangoni mzee wa Machakos alikuwa anangoja na ndoo na sifongo, kama kawaida yake. Hakuniuliza alama. Alilegeza mkanda wa tumbo tundu moja nikiwa bado juu, akaningoja nishuke, kisha akaliinua tandiko moja kwa moja juu na kulipumzisha mkononi. Akaupitisha mkono wa pili mgongoni, nyuma ya bega la kushoto, akavuka, nyuma ya bega la kulia, akautazama mkono wake.

"Jasho limelala sawasawa," akasema, akachukua sifongo.